Ndege Chini ya Lungo

Niliisikia kazi yangu kabla ya kuiona. Nyuma ya ukuta wa matofali mabichi, upande wa soko la Kasongo, ilitoka sauti ya kukwaruza, kwaru, kwaru, kwaru, kama mtu anayepara samaki asiyekwisha magamba. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amenituma niulize kama kibao kipya cha shule kimekamilika. Nilisimama njiani nikisikiliza. Halafu ikaja harufu ya mafuta ya taa, na mwisho kabisa nikamwona Papa Asani, amechuchumaa juu ya bati kuukuu, akilikwaruza kwa jiwe ili rangi mpya ipate mahali pa kushika. Hakuinua kichwa. Aliniuliza kama ninajua kusoma. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ninajua kukwaruza.

Nilikwaruza mabati miezi mitatu kabla ya kuruhusiwa kugusa brashi.

Ninyi mnaobaki na chumba hiki mmeniomba niandike miaka yangu ya kazini. Msitafute humu habari za vyeo. Katika chumba cha watu wawili cheo ni kimoja tu, cha mwenye ufunguo, na Papa Asani alilala nao. Nitaandika nilivyojifunza, nilivyokosea, na jinsi nilivyochagua programu mnayoitumia leo, maana kabla sijaondoka nilimsikia mmoja wenu akimwambia mteja kwamba tuliichagua kwa sababu ni ya bure. Hiyo ni nusu ya ukweli, tena nusu ndogo.

Papa Asani alikuwa mtu mfupi, mchoyo wa maneno na mchoyo zaidi wa brashi. Aliandika majina ya maduka, ya misikiti, ya makanisa, ya zahanati, na hakuna aliyemuuliza yeye anasali wapi, kwa sababu herufi zake zilisimama sawa kila mahali. Alinifundisha kwamba kibao hakisomwi na aliyekiandika. Kila alipomaliza neno moja alivuka barabara, akasimama upande wa pili kama mgeni aliyeteremka sasa hivi kutoka kwenye baiskeli, akasoma. Kama neno halikumfikia, alirudi akalifuta lote. Nimevuka barabara ile mara nyingi kuliko mbuzi wa jirani.

Alinifundisha pia kukata. Kazi ya kurudiarudia, kama alama za magunia na za masanduku, hatukuichora kwa mkono. Tulikata umbo kwenye filamu za zamani za mbavu na mifupa, zile ambazo hospitali ilikuwa inatupa. Tuliziloweka kwenye maji ya javeli, yale ya kung’arishia nguo, mpaka picha ikatoka na plastiki ikabaki safi kama kioo. Halafu tulichora, tukakata kwa wembe, tukaiweka juu ya gunia na kudonoa rangi kwa sifongo. Nyingine hazikutakata vizuri. Kuna muuza sukari hapa mjini ambaye kwa miaka mingi aliandika jina lake kupitia kiuno cha mtu asiyemjua.

Katika kukata, Papa Asani alikuwa na sheria moja. Fundi hachagui mistari. Kilichoko kwenye karatasi kinakatwa chote, mpaka kidogo kabisa, kwa sababu mwenye kazi ndiye anayejua sababu. Aliniambia hivyo siku nilipoacha nukta ndogo chini ya jina la mfanyabiashara mmoja nikidhani ni kinyesi cha nzi. Ilikuwa nukta yake kweli, na alirudi kuidai. Tangu siku hiyo mkono wangu ulikata kila mstari uliouona. Kumbukeni jambo hilo, maana lilikuja kuniaibisha mbele ya wanawake arobaini.

Miaka ya vita nitaipita haraka, kama tulivyojaribu kuipita. Tulizika makopo ya rangi chini ya sakafu tukakimbia. Tuliporudi nyumba ilikuwa haina mlango wala mabati, lakini makopo yalikuwepo. Yote yalikuwa yamekauka isipokuwa la buluu, lililoganda juu na chini ni zima. Kwa mwaka mmoja Kasongo iliandikwa kwa buluu.

Kompyuta ilikuja baadaye, ya mtumba, kutoka Kindu, imefungwa kifuani mwangu kwa kitenge kama mtoto mchanga, siku tatu juu ya pikipiki. Papa Asani alikuwa ameshazeeka, macho yake yamefunikwa na ukungu, lakini alikuja kuiona. Aliuliza brashi yake iko wapi. Nikamwonyesha. Akachagua nyekundu, akavuta mstari, nikabonyeza kitufe mstari ukapotea. Alipitisha kidole pale mstari ulipokuwa.

“Inafuta bila kuacha doa,” alisema. “Kama mi ningekuwa nayo zamani, Furaha, bibi yangu wa kwanza angekuwa bado nyumbani.”

Programu ya kuchorea niliipata kwenye kle ya mtu, kile kidude cha kubebea faili, naye aliipata kwenye kle ya mtu mwingine. Nisiwafiche, ilikuwa ya wizi. Mtu fulani asiyejulikana, mbali sana, aliinunua au aliivunja, na kila asubuhi ilipofunguka iliandika kwa Kifaransa: Karibu, Stefan. Nilidhani ni mimi peke yangu, mpaka nilipomtembelea Feruzi, fundi mwenzangu mwenye chumba karibu na soko, nikaona naye anakaribishwa kwa jina hilohilo. Kabambare walikuwa na Stefan. Kindu walikuwa na Stefan. Maniema nzima, sisi mafundi wa herufi, tulifanya kazi chini ya jina la mtu mmoja ambaye hajawahi kula sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Tulipokutana tuliulizana kama Stefan ameamka vizuri.

Siku moja niliipeleka mashini mahali penye mtandao, kutafuta picha ya ng’ombe kwa ajili ya muuza maziwa. Sikumpata ng’ombe. Programu, ilipoonja hewa ya nje, ilimkumbuka mwenyewe. Ilijifunga, ikaandika kwamba nakala hii si halali, na kazi zangu za miaka minane zikabaki ndani, katika namna ya faili ambayo hakuna programu nyingine iliyoweza kuifungua. Wiki hiyohiyo Feruzi naye alipatwa. Tulikaa mlangoni kwake tukanywa chai kama watu walioko matanga, tukacheka, lakini mimi nilicheka mdomoni tu. Sikuwa nimepoteza programu. Nilikuwa nimeweka maisha yangu kwenye sanduku la mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa ameondoka na ufunguo.

Siku ya nne baada ya hapo, aliingia Mama Mwanamvua.

Alitoka Wamaza, na alikuwa kiongozi wa ushirika wa wanawake wanaolima mpunga. Alikaa kwenye kiti bila kuegemea. Alinieleza kwamba wanaolima ni wao, wanaotwanga ni wao, lakini mchele ukifika soko la Kasongo unakuwa na jina la mtu mwingine. Mnunuzi mkubwa wa upande ule, ambaye watu walimwita Bwana Kilo kwa sababu ya mizani yake, alikuwa na desturi yake. Gunia lisilo na alama safi na jina linalosomeka, alilimimina mbele yao ndani ya gunia lake lenye jina lake. Mwaka ule walikuwa wamebishana naye mbele ya chifu, naye akaahidi, akiamini hawataweza: wakileta magunia yenye alama yao wenyewe, iliyo kamili, isiyo na aibu, atayachukua jinsi yalivyo. Walichangishana wakanunua magunia mia mbili meupe. Hawakuwa na namna ya kununua mengine.

“Sisi hatuombi bei,” alisema Mama Mwanamvua. “Tunaomba jina. Mutoto wako akiitwa kwa jina la jirani, utanyamaza?”

Nilimwambia nitafanya. Sikumwambia kwamba mashini yangu ina ganzi.

Feruzi alinishauri nifanye kama yeye. Alikuwa ameshaingia kwenye programu halali ya kulipia kila mwezi, kupitia kadi ya shemeji yake aliyeko Lubumbashi. Nilikwenda kuitazama. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ilifanya mambo ambayo sikuwa nimeyaota. Lakini nilimuuliza shemeji akikasirika itakuwaje. Akasema shemeji hakasiriki. Nikamuuliza mtandao ukikatika mwezi mzima, kama unavyokatika, itakuwaje. Akasema tusiombe mabaya. Nikaona kwamba Feruzi amemzika Stefan na kumwoa shemeji.

Kulikuwa na njia nyingine, ndiyo niliyoifuata. Kampuni moja, ambayo sitaitaja kwa sababu haikunifanyia kosa, kosa nililifanya mimi, ilikuwa inatoa programu yake ya kujaribu kwa siku thelathini. Nilijiambia siku thelathini zinatosha kwa magunia mia mbili, mengine tutayaona mbele. Ndani yake mlikuwa na picha zilizotayarishwa, na nikapata suke la mpunga lililoinama kwa uzito wake, zuri sana. Niliandika chini yake: WANAWAKE WA WAMAZA. Nikatoa karatasi kwenye mashini ya kuchapia. Pembeni mwa suke alikuwa amekaa ndege.

Kwenye skrini hakuwepo. Kwenye karatasi alikuwepo, mwepesi kama chai ya mara ya pili, mbawa zimekunjwa, mdomo umeelekea suke. Baadaye nilielewa kwamba huyo ndege ni muhuri wa kampuni, unaotoka kwenye kila karatasi ya mtu ambaye hajalipa. Wakati ule nilidhani amekuja pamoja na suke. Nilifikiri watu wa mbali wanapenda ndege kwenye picha zao. Tena alikuwa amechorwa vizuri. Na mkono wangu, mkono wa Papa Asani, haukuuliza: ulikata suke, ukakata herufi, ukamkata ndege unyoya kwa unyoya. Nilipomaliza nilivuka barabara nikatazama. Alionekana mpaka kwa muuza makaa.

Nilidonoa magunia yote mia mbili, nikayakausha, nikayafunga nyuma ya pikipiki, nikaenda nayo Wamaza mimi mwenyewe, kompyuta mgongoni, maana nilitaka kuona nyuso zao.

Niliziona. Mama Mwanamvua alitandika gunia la kwanza chini, uwanjani, na wanawake wakasogea. Hakuna aliyesema neno. Nilifikiri ni uzuri umewanyamazisha. Halafu mama mmoja mwembamba, ambaye baadaye nilijua anaitwa Mama Sakina, aliinama akamtazama ndege uso kwa uso.

“Mama Furaha,” aliuliza kwa upole, “huyu umemualika wewe?”

Wakaanza kucheka, wale wa nyuma kwanza.

“Watoto yetu wanapiga kelele mashambani tangu jua linatoka, kumufukuza,” alisema Mama Sakina. “Wewe umemuletea na gunia yake.”

Mimi ni mtoto wa mwalimu, nimekulia mjini, mpunga niliujua kuanzia sahani. Dakika hiyo ndipo nilipoona nilichofanya. Kwa mkulima wa mpunga ndege ni mwizi. Watoto wanakosa shule kwa ajili yake, na sokoni mchele uliovunjika unatukanwa kwamba ni masazo ya ndege. Nami nilikuwa nimempiga chapa mara mia mbili, kwa rangi nyeusi ya mafuta, isiyotoka.

Mama Mwanamvua peke yake hakucheka. Aliniambia kwamba leo ni Jumatano na Bwana Kilo anakuja Jumamosi.

“Akiona hii, atacheka mbele ya watu wote,” alisema. “Kisha ataita watu wake: leteni magunia yangu.”

Walijaribu kunisaidia, na huo wema uliniuma kuliko kicheko. Mmoja alisema magunia yageuzwe ndani nje. Tukageuza moja, rangi ilikuwa imepenya, na mishono ikakaa nje kama matumbo. Mwingine alisema ndege afunikwe kwa rangi tupu, duara jeusi, basi. Mama Mwanamvua alikataa. Alisema gunia lenye doa jeusi ni gunia la mtu aliyeficha kitu, na hawakuwa wameficha kitu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na wanawake wawili ambao hawakuwa wameacha kazi. Walikuwa wanapepeta. Mchele ulipaa, ukashuka, makapi yakaenda na upepo, na malungo yao ya duara yaliinuka na kushuka vifuani mwao. Nilitazama lungo, nikatazama gunia, nikatazama tena lungo. Likichorwa kwa kipimo cha ndege, lilitosha. Lungo lingeweza kumfunika ndege, nalo haliwi doa, linakuwa lungo. Tatizo ni kwamba lungo limesukwa. Katika kukata, ule msuko lazima uwe mistari myeupe, na kila mstari mweupe ni mwanya ambamo ndege angeweza kuchungulia. Ilibidi mianya yote ipite mahali ambapo ndege hana mstari, hata mmoja. Kwa macho matupu ningehitaji wiki na filamu ishirini. Nilikuwa na filamu mbili mkobani, pamoja na wembe, sifongo na rangi ya akiba.

Niliingia ndani kwa Mama Mwanamvua, nikafungua kompyuta. Betri yake ilikuwa na moto wa kama saa mbili tu, na pano ndogo ya jua ya pale nyumbani iliweza kuchaji simu tu. Niliita ile programu ya ndege. Ilichukua muda wake kuonyesha ukurasa wake wa rangi, kama bibi harusi, halafu ikaniambia siku thelathini zimekwisha, nitafute mtandao na kadi. Pale Wamaza mtandao unapatikana ukipanda kichuguu nyuma ya kanisa, na unatosha kusema “haloo” mara moja.

Sasa niwaeleze aibu nyingine. Ndani ya mashini ileile kulikuwa na programu ya tatu. Aliniletea Mwalimu Amuli wa Kabambare, anayefundisha hesabu, aliyekuwa anakuja kwangu kuchapisha mitihani. Aliniwekea kwa mkono wake, akaniambia walioitengeneza wameitoa kwa watu wote, kuitumia ni ruhusa, kuinakili ni ruhusa. Niliifungua mara moja nikaifunga. Ilikuwa ya kijivu, bila urembo, vitufe kama vifungo vya sare ya askari. Na mimi nilikuwa na imani, ambayo najua wengine wenu bado mnayo, kwamba chombo cha fundi wa kweli lazima kiume mahali fulani, ama mfukoni, ama katika dhamiri.

Niliibonyeza kwa sababu sikuwa na kingine. Ilifunguka kabla sijaondoa kidole. Haikunikaribisha kwa jina la mtu yeyote. Haikuuliza kadi, haikuuliza mtandao, haikuniambia siku zimebaki ngapi. Ilinipa ukurasa mweupe ikanyamaza, kama mtu anayekupisha kwenye njia nyembamba.

Nilipiga picha ya gunia kwa simu, nikaipitisha kwa waya, nikaiweka chini ya ukurasa ule, nikaanza kuchora lungo juu yake. Chumba kilijaa. Watu waliokuwa wananicheka muda mfupi uliopita walikuwa sasa mabegani mwangu, wakiona kwa mara ya kwanza kitu kikichorwa ambacho wanaweza kukikataa kabla hakijakatwa. Nao walikataa.

“Mudomo iko inje,” alisema Mama Sakina.

Nikainamisha lungo, kama la mtu anayepepeta, na punje tatu zikiruka juu yake. Punje ya kwanza ikaumeza mdomo.

“Sasa mukia.”

Mkia ulikuwa mgumu. Kila nilivyosogeza msuko, unyoya mmoja ulichungulia. Nilisogeza kushoto, kulia, nikaona alama ya betri imeingia nyekundu. Mama Mwanamvua alikuwa amesimama mlangoni. Kisha alipita katikati ya watu akaweka kidole kwenye skrini.

“Hii ni lungo ya nani?” aliuliza.

Nilisema ni lungo tu.

“Lungo tu haiko. Hii inapita moja moja, ni ya watu wa mujini, ya kununua. Ya kwetu inapita mbili mbili.”

Akachukua lake ukutani akaniwekea magotini. Kweli, fito zilipita mbilimbili, zikiacha mianya michache na mapana meusi kati yake. Nilirekebisha msuko ukapita mbilimbili. Mapana yalikuwa mapana ya kutosha. Mkia ukaingia chini wote, na hakuna aliyeweza kumwona ndege tena, hata sisi tuliojua alipo.

Mashini ya kuchapia haikuwepo. Nilimwomba mama mmoja azibe dirisha kwa mkeka. Chumba kilipoingia giza, skrini iliwaka peke yake, nami nikakuza picha mpaka suke lake likalingana kwa rula na lile la gunia, nikalaza filamu ya mbavu juu ya kioo na kufuatisha mistari kwa kalamu. Mwanga ulipita kwenye plastiki kama asubuhi. Nilikuwa nimebakisha punje mbili skrini ilipozimika. Nilizichora kwa kumbukumbu. Mkitazama alama ile vizuri mtaziona, ni nene kidogo kuliko mwenzao. Sijawahi kuzirekebisha.

Alhamisi na Ijumaa tulidonoa, na siwezi kusema nilidonoa mimi. Nilikata, nikaonyesha kipimo cha rangi kwenye sifongo, na wanawake wakapanga safu. Mmoja alinyoosha gunia, mmoja alishika filamu, mmoja alidonoa, mmoja alibeba kwenda juani. Waliimba kwa Kibangubangu wimbo ambao Mama Sakina alikataa kunitafsiria, ila jina langu lilikuwemo na ndege alikuwemo.

Bwana Kilo alifika Jumamosi na wasukuma baiskeli wake, kila baiskeli imebeba magunia yake matupu yamekunjwa vizuri. Alikuwa mtu mwenye adabu, hilo nitamtolea ushahidi. Alisalimia wazee, akasalimia kila mtu, akauliza mvua. Halafu akasimama mbele ya magunia mia mbili yaliyosimama kwa mistari, yamejaa, yameshonwa, na lungo kwenye kila kifua. Alikwenda mpaka safu ya mwisho na kurudi. Alipitisha kidole gumba juu ya rangi. Alikuwa anatafuta kosa, na alikuwa mtafutaji mzuri. Pale kwenye punje nene alisimama kitambo. Akapita.

“Nani amewafanyia hii?” aliuliza.

“Soma,” alisema Mama Mwanamvua.

“Nimesoma.”

“Basi umetujua.”

Bwana Kilo alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepimwa kwa mizani yake mwenyewe. Akawaambia wasukuma baiskeli wapakie. Magunia yake matupu yalirudi Kasongo matupu, yamekunjwa vilevile, na jina lake likiwa limetazama ndani.

Mengine mnayajua, kwa sababu mmeyala. Kabla msimu haujaisha watu sokoni walikuwa wanaomba mchele wa lungo, na maduka ya Kabambare yalikuwa yanatuma ujumbe kuutafuta. Feruzi alikuja kwangu mwezi ambao shemeji alikasirika. Sikumcheka. Nilimpa kiti, nikamwekea ile programu ya kijivu, naye alilalamika juu ya vitufe vyake wiki mbili, kisha akaacha kulalamika akaanza kunionyesha mbinu ambazo mimi sizijui.

Basi, mtu akiwauliza kwa nini tunaitumia hii, msiseme ni ya bure. Semeni ilifunguka Wamaza. Itakapokuja nyingine nzuri zaidi, na itakuja, msiipendee ukurasa wake wa kwanza. Zimeni mtandao muone kama bado inawajua. Iacheni siku arobaini, muifungue tena. Ipimeni kwa betri iliyochoka, si kwa iliyoshiba. Chukueni faili mliyoitengeneza ndani yake, mmpelekee fundi mwingine mwenye programu nyingine, muone kama anaweza kuifungua, maana siku moja mtataka kuhama na mizigo yenu. Mkiona nzuri ya kulipia ambayo inapita mitihani hiyo, na mnayo ya kulipa, ilipeni kwa moyo mweupe; mtengenezaji naye ana watoto. Ila msirudi kwa Stefan.

Kuna jambo moja nililifanya siku ileile ya Jumamosi, baada ya baiskeli kuondoka. Muuguzi wa zahanati ya Wamaza alikuwa na kompyuta ya zamani. Niliweka kle yangu nikainakili ile programu ndani yake, mchana, mlango wazi, watu wamesimama. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kunakili programu bila kupunguza sauti. Binti wa Mama Mwanamvua alikuwa amekaa karibu, na nilimwachia pia faili ya lungo. Ilikuwa yao. Msuko ulikuwa wao.

Mwezi uliopita, siku yangu ya mwisho kazini, ujumbe ulifika kwenye simu ya chumba. Ulitoka Wamaza. Wanawake wameanza kusaga unga wa mchele, wanataka mifuko midogo, na kazi ya kuchora hawakutuomba. Wamechora wenyewe. Niliifungua faili mbele yenu. Lungo lilikuwa lilelile, mbilimbili, lakini limewekwa wima, na herufi zilikuwa zimeachana vizuri, kila moja na hewa yake. Nilitafuta kosa kama Bwana Kilo. Nilisimama, nikatoka, nikavuka barabara, nikatazama skrini kutoka upande wa pili kupitia mlango. Ilisomeka.

Niliporudi mlikuwa mmeshaanza kukata. Mmoja wenu alishika filamu, mwingine wembe, na hamkuniuliza kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuuliza. Nilichukua mkoba wangu. Nilisema ninakwenda, mkasema ndiyo Mama, nenda salama, bila kuinua macho kutoka kwenye mstari, kama inavyotakiwa. Mfuko wa kwanza ulikuwa tayari umelazwa mezani, rangi bado mbichi, na nje upepo wa kiangazi ulikuwa unainua vumbi la barabara. Nikateremka ngazi. Mmoja wenu alinyoosha mguu, akausukuma mlango, ukajifunga nyuma yangu.